Darasa la viraka Magomeni: kitambaa cha meza kimelala kweli, ila pasi moja watu saba jamani

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya pasi, tutafika huko.

Hili ni darasa la Jumamosi la kushona vitu vya ndani kwa viraka vya vitenge, liko Magomeni, unashuka kituo cha mwendokasi cha Mapipa unaingia ndani kwa miguu. Anafundisha mama mmoja mtu mzima, fundi wa siku nyingi, jina lake siweki maana mwenyewe kasema hataki kuwekwa mitandaoni, wateja alionao wanamtosha. Sisi wote tunamwita Mama tu. Unakuja na vitambaa vyako, uzi wako na mkasi wako, yeye anatoa cherehani, meza ya kukatia, pasi na mdomo wake, na mdomo upo ndani ya bei. Unachagua mwenyewe unachotaka kushona, kuna waliokuja na foronya, kuna mapazia ya jikoni, mi nikachagua kitambaa cha meza na nikamwambia kabisa sitafuti urembo, nataka kilale.

Maana nilishanunua kimoja kabla, muuzaji simtaji, kwenye picha kilikua kizuri mpaka basi, kimefika nakitandika kina kilima katikati na pindo zimekaa marinda kama sketi ya mtoto wa shule. Ukiweka glasi pembeni inasimama upande. Nimekipiga pasi, nimekinyunyizia maji, nimekilaza chini ya godoro, wapi. Nikakibeba nikaenda nacho darasani, shikamoo Mama, marahaba mwanangu, leta nione hicho. Hakuangalia hata juu, alikigeuza akaangalia mgongoni, akawa anapitisha kidole gumba kiraka kwa kiraka, hiki kanga, hiki kitenge, hiki sio pamba hiki. Akachomoa uzi mmoja kwenye kile cha tatu akauwasha na kiberiti mlangoni, ule uzi haukuungua, uliyeyuka ukajikunja na ulipopoa ukabaki kidonge kigumu cheusi. Poliesta hiyo. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi na unaacha jivu laini, jaribuni hata nyumbani ila sio karibu na pazia. Akanirudishia akasema aliyeshona hiki hakufua na hakupima, kaa chini.

Basi darasa lote ni hayo mawili, kufua na kupima, na la tatu pasi. Cherehani yenyewe inakuja mwishoni kabisa na ndio maana watu wengine walichukia, walifikiri wanakuja kukanyaga cherehani, wanakuta wanashinda na futi na chaki.

Kufua ni sharti. Vitambaa vyote vije vimefuliwa, vimekauka, vimepigwa pasi. Dada mmoja alikuja na kitenge kipya bado kina stika ya kiwandani, akaoneshwa beseni pale uani na akakifua kweli, na lile jua la Dar kilikauka tukiwa bado tunakata. Maelezo yenyewe ni kwamba kile kitenge kipya kimekakamaa kwa sababu ya wanga wa kiwandani, ukikiloweka unatoka, alafu pamba yenyewe inarudi, yani inapungua. Kufuliwa mara ya kwanza pamba inaweza kupungua asilimia 3 mpaka 5. Chukua hata hiyo 3, kwenye kitambaa cha inchi 76 zimeshaondoka inchi 2 na zaidi. Na vyote vikipungua sawa wala sio shida sana, shida ni pale kimoja kinapungua na jirani yake amegoma, poliesta haipungui, kwa hiyo kile cha pamba kinamvuta mwenzake na pale katikati yao panainuka, ndo kile kilima changu. Ukisoma hapa ukachukua hili tu umeshaokoa hela. Na kanga na kitenge usichanganye hovyo hata kama vyote pamba, kanga ni nyepesi, kitenge kizito, ukitaka kanga basi kitambaa chote kiwe kanga.

Rangi nyekundu na zile bluu za giza unazifua peke yake na unatupia kitambaa cheupe humo humo kwenye beseni, cheupe kikitoka na rangi unarudia kufua mpaka kitoke cheupe. Hilo nilikua sijalisikia popote, nimelipenda.

Hesabu alinipigia kwa chaki kwenye meza yake ya kukatia. Meza yangu ya watu sita ni inchi 60 kwa 36. Akauliza unataka kishuke ngapi, nikasema kumi na mbili, akasema una watoto? nikasema ndio, akasema basi nane, kikishuka mpaka mapajani wanakivuta na chupa ya chai inakuja nayo. Kwa hiyo nane kila upande, kinakua 76 kwa 52. Toa ukingo wa inchi 2 kuzunguka, katikati inabaki 72 kwa 48, gawa kwa viraka vya inchi 6, kumi na mbili kwa nane, viraka 96. Kila kiraka unakikata inchi 6 na nusu maana robo inchi kila upande inaliwa na mshono. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, kwa upana vinatoka viraka sita, hivyo hata kama huna mabaki ukinunua vitambaa vinavyofika yadi 3 kwa jumla viraka vyote vinatoka, nusu ya pisi ya yadi 6. Mi nilitumia mabaki kutoka kwa mafundi, kiroba kizima wananiuzia kwa bei ya soda, ila lazima uchambue, humo ndani kuna kila aina ya takataka.

Sasa kukata. Hapa ndo niliona tofauti ya huyu mama na video zote nilizowahi kuangalia. Boksi la karatasi haruhusu kulitumia kama kipimo, anasema chaki na mkasi vinakula pembe zake kidogo kidogo, ukifika kiraka cha themanini sio saizi ya kile cha kwanza na wewe hujui. Yeye ana vipande vya plaiwudi vimekatwa na seremala, nyuma kabandika msasa ili isiteleze juu ya kitambaa. Ni kitu kidogo mno ila mkono unasikia tofauti papo hapo, plaiwudi inang'ang'ania kitenge haiendi popote.

Alafu kitenge huanzi kukikata, unakichana kwanza. Unatia mkasi kidogo pindoni unashika pande mbili unachana mpaka mwisho, kinachanika kwa kufuata uzi wake wenyewe, huo ndio mstari wako ulionyooka, kutoka hapo ndo unapima. Nikamwambia Mama mbona mstari umepita katikati ya ua umelikata upande, akasema maua yamechapwa juu tu, chapa inaweza kukaa mshazari, wewe fuata uzi usifuate ua. Akanipa kiraka kimoja nivute. Vuta kwa urefu, hakiendi. Vuta kwa upana, kinatoa kidogo. Vuta kwa kona kwa kona, kinaenda chote. Sasa ukiwa na viraka umevikata mshazari ili ua likae vizuri, kila ukivishika vinanyumbuka, ukivipiga pasi vinanyumbuka, kitambaa kitalala saa ngapi? Kwenye kile nilichonunua vilikuwemo vingi tu vya namna hiyo, tulivihesabu tukachoka tukaacha.

Kwenye robo inchi kulikua na ubishi mzuri. Kuna kaka tunasoma naye anashona mashati, ana haraka zake, yeye amezoea kuacha nusu inchi na zaidi ili mteja akinenepa kuna pa kuachia. Mama kambandikia plasta, hii hii ya kidonda, kwenye bati la cherehani robo inchi kutoka kwenye sindano, akamwambia kitambaa kitembee kimegusa plasta, kisipande juu yake na kisiachane nayo. Kaka akasema aah Mama, kale kamstari kadogo kwenye futi kana nini. Kale kamstari ni moja ya kumi na sita ya inchi. Ukikazidisha unakazidisha kwenye kiraka cha kushoto na cha kulia, kwa hiyo kila mshono unakula moja ya nane ya ziada, mstari wa viraka kumi na mbili una mishono 11, jumla inafika inchi moja na zaidi ya robo. Mstari wake wa kwanza alishona robo inchi ya kukisia kwa macho, wa pili kwa plasta, alipovilaza pamoja mmoja ulikua mfupi kwa kiasi hicho hicho, na pale watu huwa wanafanya nini, wanauvuta ule mfupi mpaka ufike. Ukiuvuta umeshashona kilima. Kaka alifumua kimya kimya.

Cherehani zake ni zile nyeusi za kukanyaga, Butterfly, zimetiwa mafuta na mikanda ni mizima, zinaenda vizuri mno. Kuna moja ya umeme kaiweka kona, ina mwendo wa hatari na haikuniridhisha, ilikua inaruka mishono kwenye sehemu nene, nikarudi zangu kwenye ya kukanyaga. Kwa kazi hii sioni sababu ya kununua cherehani ya bei kubwa, unashona mstari ulionyooka tu, hakuna pambo. Alichosisitiza ni usivute kitambaa kwa nyuma, meno ya chini yanavuta kile cha chini na mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, unakisukuma cha juu, ukiingilia na mkono vinaachana hatua. Na ukiwa unaunga ile mistari mirefu, mmoja uanzie kushoto unaofuata uanzie kulia, ukianzia upande ule ule siku zote kitambaa kizima kinakwenda kinapinda upande mmoja taratibu. Kabla ya yote unashona kwenye kipande cha kujaribia, mshono ukikunyata uzi umekaza sana, legeza.

Haya, pasi.

Kila mshono unapigwa pasi kabla ya kuvukwa na mshono mwingine. Kila mshono, hapa hacheki na mtu. Na kupiga pasi sio kusugua kama unanyoosha shati, unaiweka, unakandamiza, unainua, unahamia mbele, maana ukisugua unakinyumbua. Mstari wa kwanza mishono yote inalazwa kushoto, mstari wa pili yote kulia, hivyo hivyo mpaka mwisho, na ukija kuunga mistari ile mishono ya juu na ya chini inakutana inafungana yenyewe, unaisikia kwa vidole kabisa kwamba imeingia, kona nne zinakutana sehemu moja bila ya kuhangaika. Hiki ndio kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Mishono yote ikilala upande mmoja pale kwenye makutano panakua na kinundu, na sahani ikikaa juu yake inacheza.

Sasa mnisikilize, kitu cha muhimu namna hiyo, tupo watu saba, pasi moja! Moja. Unamaliza mstari unasimama foleni na viraka vyako mkononi nyuma ya mtu wa mapazia ambaye ana mita tatu za kunyoosha, nusu ya muda wako umeisha umesimama. Siku moja umeme ukakatika tukajua ndo basi, Mama akatoa pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mbele, jamani ile pasi ni nzuri. Nzito, inakandamiza yenyewe, hutumii nguvu. Inabidi tu uifute chini kila mara na uangalie jivu lisidondoke kwenye kitambaa cheupe. Nikamuuliza kwa nini asizitumie zote mbili siku zote, akasema mkaa unalipia wewe? Sikua na jibu ila malalamiko yangu yapo pale pale, kwa hela tunayolipa pasi ya pili ni haki yetu.

Ukingo ndo unaozalisha yale marinda. Watu wengi, mafundi wazuri tu, wanachukua utepe mrefu wanaanza kuushona kwenye ukingo wa kitambaa, wakifika mwisho wanakata unaobaki. Ukifanya hivyo ule utepe unaingia mwingi kuliko unavyotakiwa, kwa sababu ukingo wa viraka umeshashikwa shikwa umenyumbuka, na utepe ukiwa mrefu kuliko katikati ya kitambaa lazima uvimbe. Mama anakutandikia kitambaa sakafuni, anapima katikati, sio pembeni, katikati kwa urefu na katikati kwa upana, utepe unakatwa kwa kipimo hicho hicho na unabanwa kwa pini, kwanza katikati na katikati, alafu ncha kwa ncha, alafu katikati ya hapo tena. Kama ukingo umezidi kidogo ule uzidi unagawanyika wote, hauonekani. Aliposhona wangu nilikua nimeshika futi namuangalia, hakuna sehemu aliyoharakisha.

Mgongoni nimeweka bitana ya pamba nyeupe, nayo imefuliwa. Ana hoja kwamba bila bitana ncha za viraka zinafumuka ukifua mara nyingi, na mi nafua sana. Ila bitana nayo ikiachwa inaelea inatengeneza mfuko, kwa hiyo unapita na cherehani juu kwa juu ndani ya mfereji wa mishono, yani pale pale viraka vilipoungana, kila baada ya viraka viwili, ili tabaka zote mbili zishikane. Uzi wa rangi ya kati, hauonekani. Sponji hakuna, sponji waachie vitanda.

Siku ya kumaliza alikitandaza kwenye sakafu ya marumaru, akanipa ncha moja ya futi, akapima kona kwa kona, alafu kona zile nyingine mbili. Inchi 92 na kidogo, na pande zote mbili zilikua sawa. Angepata tofauti maana yake kitambaa kimekaa upande hata kama kwa macho kinaonekana mstatili. Nyumbani kimelala, chupa ya chai inasimama, glasi inasimama, nimeshakifua na kukianika kikavurugwa na upepo na bado ukikitandika hakina neno, unapitisha pasi tu kwa sababu ya mikunjo ya kamba.

Mabaya sasa, ukiacha pasi. Saa tatu kwake ni saa tatu na nusu, ikinyesha ni saa nne. Chumba kina dirisha moja na ukikaa na cherehani ya ndani kabisa huoni mstari wa chaki ikifika jioni, wahi uchukue ya mlangoni. Hakuna karatasi ya maelezo, kila kitu mdomo, usipoandika umepoteza. Na maneno yake makali, dada wa kile kitenge cha stika alitaka kulia, mi sikujali sana kwa sababu nina mama mkwe, ila kama una moyo mwepesi ujiandae. Pia haruhusu upige video, kwa hiyo wale wa kurekodi kila hatua mtakosana naye mapema.

Bei ni elfu 50 kwa kitambaa kimoja mpaka kiishe, hata kikichukua Jumamosi nyingi haongezi. Juu ya hapo kwangu mabaki, uzi na bitana vilifika kama elfu 20. Fundi wa kukushonea tu bila kukufundisha nilishaambiwa bei inayokaribiana na hiyo na hakuna aliyeniuliza kama nimefua. Kama unataka kitambaa tu na huna muda, nenda kwa fundi ila mpelekee vitambaa ulivyofua mwenyewe na umwambie akupimie katikati kabla ya kukata ukingo, atakushangaa ila atafanya. Kama unataka kujua, nenda kwa Mama.

Kujiandikisha hapokei simu za watu asiowajua. Unaenda Ijumaa jioni na elfu 10 ya kutanguliza, anakuandika kwenye daftari lake la kaunta, na hapo hapo anakuuliza vitambaa vyako ni vya nini na umeshavifua. Watu ni saba mwisho. Kama jina lako halipo kwenye daftari hata uje na cherehani kichwani hakupokei, kuna mtu alikuja kutoka Mbagala akarudishwa nikiwa naona.